Nyumba za Wagonjwa Katika Ukingo wa Rumonge

Mji wa Rumonge, ulio katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, takriban kilomita 70 kusini ya Bujumbura, unajulikana tangu zamani kwa ndagala na mikeke wavuliwao usiku kwa mwanga wa taa, kwa mawese ya michikichi iliyotanda katika uwanda wa Imbo tangu majini hata miguuni mwa milima, na kwa lugha ya Kiswahili, iliyofika pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji ikapata humo makao ya kudumu. Lakini ukingo huu una habari nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni habari ya nyumba walizojengewa wagonjwa: nani alizijenga, alizielekeza wapi, alimfikiria nani alipopima kuta na kutoboa madirisha, na alimsahau nani. Tutaieleza habari hiyo tukimtazama mgonjwa mmoja hususan, yaani mgonjwa wa saratani, kwa sababu maradhi yake ni ya miezi na miaka, si ya siku tatu, na akaaye siku nyingi ndani ya nyumba ndiye aijuaye nyumba kwa heri yake na kwa shari yake.

Kabla ya hospitali yoyote kusimama hapa, mgonjwa aliuguzwa nyumbani. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kufanya makao, na kutoka huko mitumbwi ya biashara ilikuwa ikipanda kaskazini kwa kufuata ukingo wa Burundi hata Uvira. Pamoja na nguo, shanga na chumvi ulikuja ujenzi wa nyumba zenye baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma. Nyumba ya namna hii ilikuwa na hekima yake katika mambo ya siha. Asubuhi mgonjwa alitolewa barazani apigwe na upepo wa ziwa kabla jua halijawa kali, adhuhuri akarudishwa ukumbini penye kivuli, na jioni akatandikiwa mkeka uani, akisikia sauti za watu wake bila ya kulazimika kuzijibu. Mmisionari na msafiri David Livingstone, alipokutwa na mwandishi wa habari Henry Stanley huko Ujiji mwaka 1871 naye akiwa dhaifu wa mwili na mwenye ghamu ya kukosa habari za kwao, alikuwa akiishi katika tembe yenye baraza, na hapo barazani ndipo wawili hao walipoketi kuzungumza. Akapata nguvu, na katika mwaka ule ule wakasafiri kwa mtumbwi kupita mbele ya ukingo wetu hata mlango wa mto Rusizi. Hatusemi kwamba baraza ilimponya, kwa kuwa alipata pia chakula, dawa na mwenzi. Twasema tu kwamba mambo hayo yote yalimfikia barazani, mahali ambapo mgonjwa hajatengwa na dunia wala hajatupwa katikati ya msukosuko wake.

Wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie, walifika Rumonge Julai 1879, wakajenga makao yao ya kwanza katika nchi ya Burundi. Lakini mambo yaliharibika baina yao na wenyeji, na Mei 1881 watatu miongoni mwao wakauawa, kazi ikakoma. Mbegu ya utabibu wao iliota mahali pengine katika ziwa hili hili, yaani Karema, upande wa Tanganyika, alikohudumu Adrian Atiman, mtu aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akafundishwa utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa ukingo ule tangu 1889 hata alipofariki mwaka 1956. Maisha yake yatukumbusha kwamba matibabu ya zamani katika ziwa hili yalisimama juu ya mtu kabla ya kusimama juu ya jengo, na kwamba jengo lisilomtukuza mtu huyo na wale anaowatibu limekosa msingi wake.

Baadaye yalikuja maradhi yaliyobadili nadhari ya wajenzi, nayo ni malale. Yalipokwisha kuua watu wengi mno katika kingo za Ziwa Viktoria tangu mwanzo wa karne ya 20, tabibu wa Kijerumani Robert Koch alikaa katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907 akijaribu dawa ya atoksili, na akatoa shauri kwamba wenye maradhi wakusanywe katika makambi, mbali na mbung'o. Wajerumani, waliokuwa watawala wa nchi hizi wakati ule, walilitekeleza shauri hilo katika ukingo wa Tanganyika pia, Usumbura (yaani Bujumbura ya leo) na Niansa, wakafyeka vichaka vya ukingoni na kuwalaza wagonjwa katika vibanda vya kambi. Na ni katika kazi hiyo ya kupambana na malale ambapo daktari Friedrich Karl Kleine alithibitisha, baina ya 1908 na 1909, jinsi vijidudu vya malale vikuavyo ndani ya mwili wa mbung'o. Elimu iliyopatikana ilikuwa kubwa na hatuna haki ya kuidharau. Hata hivyo kambi yenyewe ilijengwa kwa ajili ya maradhi, si kwa ajili ya mgonjwa: ilipimwa kwa umbali wake na mdudu, wala haikupimwa kwa umbali wake na mama wa mgonjwa, shamba lake na makaburi ya wazee wake, na atoksili, iliyokuwa na sumu ya zarniki, ilipofusha macho ya baadhi ya walioitumia. Si ajabu, basi, kwamba walikuwako waliotoroka, na kwamba hofu ya kwenda kulazwa ilibaki katika vifua vya watu hata baada ya makambi kuoza na kuanguka. Hofu hiyo si jambo dogo kwa habari yetu, kwa sababu mgonjwa wa saratani anayeiogopa nyumba ya tabibu huchelewa, na saratani haina huruma kwa aliyechelewa.

Kabla ya hapo, katika upande mwingine wa koloni lile lile, Wajerumani waliwajengea watu wao nyumba ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1897 ilifunguliwa Dar es Salaam, mbele ya bahari, hospitali ya Wazungu yenye kuta nene, varanda pana kuzunguka pande zake na minara yenye kuba, ikaelekezwa makusudi upande wa upepo. Ilhali Waafrika na Wahindi walitibiwa mjini katika hospitali iliyojengwa kwa mali ya tajiri Sewa Haji. Ikadhihirika kwamba wajenzi wale walijua vema faida ya hewa, kivuli na mandhari ya maji. Kilichopunguka ni nia ya kuitoa faida hiyo kwa kila mtu. Majaliwa ya jengo lile yalikuwa ya kheri, kwani baada ya uhuru milango yake ilifunguliwa kwa wote, mwaka 1980 tiba ya mionzi ikaanzishwa humo, na kwa sheria ya mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani Ocean Road, mahali pa kutibiwa saratani kwa watu wa Tanzania yote. Mtu wa Kigoma apelekwaye huko huweza kufuata njia ya reli iliyofika ziwani mwaka 1914, na akisha kufika aghalabu hukaa wiki nyingi, kwa kuwa mionzi hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, mpaka kipimo kitimie. Katika wiki hizo, saa za mashine ni chache. Saa zilizobaki ni za kungojea, na ni jengo linaloamua kama saa hizo zitakuwa za faraja au za adhabu.

Hekima hii ya hewa na mandhari haikuzaliwa Ulaya. Inasimuliwa kwamba tabibu Abu Bakr ar-Razi, alipotakiwa achague kiwanja cha hospitali ya Baghdad, alitundika vipande vya nyama katika sehemu mbalimbali za mji, akachagua pale ambapo nyama ilichelewa kuoza. Sultani Qalawun alijenga Cairo, mwaka 1284, maristani, yaani hospitali, yenye ua, chemchemi na vyumba vilivyogawanywa kwa aina za maradhi. Na huko Edirne, katika hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili iliyojengwa mwaka 1488, wagonjwa walitulizwa kwa sauti ya maji yabubujikayo na kwa muziki. Muuguzi Florence Nightingale naye, aliyeona katika vita vya Krimea jinsi majeruhi walivyokufa zaidi kwa uchafu na hewa nzito kuliko kwa risasi, aliandika mwaka 1859 kwamba sharti la kwanza la hospitali ni kutomdhuru mgonjwa, akapendekeza wadi ndefu zenye madirisha pande zote mbili. Shauri lake likawa sheria isiyoandikwa ya wajenzi wa hospitali ulimwenguni, na likaletwa Afrika pamoja na dola za kikoloni.

Wabelgiji, waliotwaa Burundi mwaka 1916 wakaitawala hata Julai 1962, waliacha hospitali za namna hiyo: majengo ya matofali yaliyopangwa safu safu, yenye vijia vya kupita baina yake, kama watu wa Bujumbura wanavyoijua hospitali iitwayo Prince Régent Charles, na baada ya uhuru ikajengwa Kamenge, kwa msaada wa Saudia, hospitali ya chuo kikuu iliyopewa jina la Mfalme Khalid. Katika majengo hayo mgonjwa alihesabiwa kwa kitanda chake, na daktari kwa ofisi yake, lakini mtu wa tatu aghalabu hakuhesabiwa, yaani yule jamaa ambaye Warundi humwita umurwaza, amwoshaye mgonjwa, amlishaye, amgeuzaye usiku na kumfulia nguo. Mtu huyo alilala chini ya kitanda au penye sakafu ya kijia, akapika kwa mafiga matatu nyuma ya ukuta, mvua ikinyesha akajikunyata chini ya ukingo wa paa. Hospitali za nchi yetu haziwezi kuendeshwa siku moja bila ya warwaza. Na hata hivyo kwa miaka mingi ramani hazikuwapa nafasi ya kukaa.

Tukirudi katika saratani yenyewe, yafaa ijulikane kwamba ukingo huu haukuwa mbali na mojawapo ya habari kubwa za elimu ya maradhi hayo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago huko Uganda, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uwapatao watoto, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari maelfu ya maili, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine, akagundua kwamba uvimbe ule huonekana katika nchi za joto na mvua zilizo chini, na kuwa nadra katika miinuko ipitayo takriban meta 1,500 karibu na Ikweta. Maji ya Tanganyika yako kiasi cha meta 770 tu juu ya bahari, hivyo Imbo, penye joto na malaria, imo katika namna ya nchi aliyoieleza, ilhali milima iliyo nyuma yake imo katika namna ya pili. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha watoto wale, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na ikaonekana kwamba wengi huweza kupona kwa dawa. Lakini dawa hizo zilihitaji kurudiwa, na mtoto hakukaa peke yake: alikuja na mama, na mama akaacha nyumba na wadogo wengine. Tangu siku hizo ilikuwa wazi kwa mwenye macho kwamba tiba ya saratani katika Afrika ni tiba ya jamaa nzima waliohama, na jamaa waliohama wahitaji pa kukaa.

Katika miaka iliyofuata, yale ambayo wazee waliyajua kwa mazoea yalithibitishwa kwa hesabu. Mtafiti Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 uchunguzi juu ya wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania walioondolewa kifuko cha nyongo. Nusu yao walilala penye dirisha lenye kuonyesha miti, na nusu penye dirisha lenye kuonyesha ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu chache zaidi. Na huko Scotland, Maggie Keswick Jencks, mwandishi na msanifu wa bustani, aliambiwa mwaka 1993 kwamba saratani yake imerudi, kisha akaachwa akae katika ujia usio na dirisha kuikabili habari hiyo. Kabla ya kufariki mwaka 1995 alitumia nguvu zake kusanifu mahali pa namna nyingine, nyumba ndogo kando ya hospitali, yenye mwanga, bustani na meza ya jikoni ambapo mgonjwa huketi na wenziwe akanywa chai bila ya kuulizwa namba yake. Nyumba ya kwanza ilifunguliwa Edinburgh mwaka 1996, na leo zipo zaidi ya 20 zenye jina lake. Msomaji wa Rumonge hatashindwa kuona kwamba kilichotafutwa kule kwa gharama na kwa wasanifu mashuhuri ni baraza.

Mwaka 2007 ukingo wetu wenyewe ulishuhudia jambo la kuadhimishwa. Juu ya mji, katika mlima wa Kigutu utazamao ziwa na milima ya Kongo ng'ambo yake, ilifunguliwa zahanati ya shirika la Village Health Works, lililoanzishwa na Deogratias Niyizonkiza, mwana wa kusini ya Burundi, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari vita vilipozuka mwaka 1993, akakimbilia New York, akasoma, akafanya kazi na daktari Paul Farmer wa shirika la Partners In Health, kisha akarudi kwao. Habari ya kuanza kwake imeandikwa katika kitabu cha mwandishi Tracy Kidder cha mwaka 2009: barabara ilipohitajika na kampuni moja ya ujenzi ikataka malipo makubwa, wanakijiji walishika majembe wakailima wenyewe, kiasi cha kilomita 6, na miongoni mwa wachimbaji walikuwamo akina mama wenye watoto migongoni. Katika nchi iliyokuwa imeraruliwa na mauaji ya 1972 na ya 1993, kujenga pamoja kulikuwa tiba kabla dawa haijafika. Nyumba ya wafanyakazi, iliyosanifiwa na Louise Braverman wa New York, ilifuata mteremko wa mlima, ikapewa vibaraza vyenye kivuli na nguvu ya umeme kutokana na jua. Hapo watu waliona kwa macho yao kwamba zahanati ya mashambani yaweza kuwa na uzuri, na kwamba uzuri huo ni alama ya heshima wanayostahili.

Katika habari ya saratani hasa, mfano ulio karibu nasi kwa mahali na kwa desturi ni Butaro, kaskazini ya Rwanda. Juu ya kilima kilichokuwa kambi ya askari, serikali ya Rwanda na shirika la Partners In Health walifungua hospitali mwaka 2011, na mwaka 2012 ikawekwa humo huduma ya saratani. Wasanifu wa MASS Design Group walianza kwa kukaa na wauguzi na kuuliza nini huwaumiza wagonjwa katika majengo ya zamani. Wakajibiwa kwamba ni ujia wa ndani, ambapo wenye kifua kikuu na wasio nacho hubanana wakivuta hewa moja. Basi vijia vikatolewa nje, madirisha yakawekwa juu ili hewa moto itoke, na vitanda vikapangwa kuelekea madirishani, vichwa vikiegemea ukuta mfupi wa katikati, hata kila mgonjwa akatazama milima badala ya kutazama maumivu ya mwenziwe. Kuta zikajengwa kwa mawe ya volkano ambayo wakulima huyaondoa mashambani kama taka, na waashi wa pale pale wakaendelea kuboresha kazi yao hata ukuta wa mwisho ukawa bora kuliko wa kwanza. Miongoni mwa waliotibiwa Butaro wamo watu waliovuka mpaka kutoka Burundi na Kongo. Lakini serikali ya Burundi ilipoufunga mpaka huo Januari 2024, njia ya nchi kavu ilizibika, na haja ya kuwa na nyumba ya saratani katika nchi yetu wenyewe ikawa dhahiri kuliko ilivyokuwa.

Siku nyumba hiyo itakapojengwa, iwe Bujumbura au kusini, historia hii ina mambo ya kuwafundisha wajenzi. Dawa za saratani hupunguza kinga ya mwili, hivyo hewa isiyozunguka ni hatari, na bomba la kunawia mikono liwe mlangoni, si mwisho wa jengo. Dawa hizo huleta kichefuchefu, hivyo jiko na choo visipeleke harufu yake vitandani, na choo kisiwe mbali na miguu iliyolegea. Saratani za titi na za mlango wa kizazi zikichelewa hufanya vidonda vyenye harufu, na mwanamke mwenye kidonda hicho hujitenga kwa haya. Upepo upitao dirisha hadi dirisha humrudishia ujirani ambao dawa haiwezi kumrudishia. Chumba cha mionzi sharti kiwe na kuta za zege zenye unene upitao pengine meta moja, wala hakiwezi kuwa na dirisha. Kwa hiyo ukumbi wa kungojea ulio mbele yake ndio unaodaiwa mwanga, bustani na viti vya watu wawili wawili. Habari nzito isitolewe ujiani. Na kwa kuwa ziwa limepanda miaka hii likazifikia nyumba za Gatumba na Rumonge, kiwanja kichaguliwe juu ya maji lakini kisipande hata mgonjwa ashindwe kukifikia kwa gari.

Hakuna hata moja katika hayo lipitalo uwezo wa mafundi wetu, na mengi hayaongezi gharama ila fikira. Dirisha lielekezwalo ziwani si ghali kuliko lielekezwalo ukutani, na kibaraza cha warwaza chenye jiko, maji na pa kulala kina gharama ndogo kuliko mashine moja. Kosa la makambi ya malale lilikuwa kupima kila kitu isipokuwa haja ya mtu. Fadhila ya Kigutu na Butaro ni kwamba watu waliulizwa kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Basi atakayechora ramani ya hospitali ya saratani kwa ajili ya watu wa ukingo huu, na aje kwanza Rumonge, akae na mgonjwa aliyepitia tiba, na umurwaza aliyemwuguza, awaulize walilala wapi, walipika wapi, walilia wapi, na nini kingewapunguzia mzigo. Kisha majibu yao yaingie katika ramani pamoja na vipimo vya kuta, kwa haki ile ile na kwa wino ule ule.